Ami wa ofisini hunicheleweshea karatasi, kisha lawama hunijia mimi

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nina umri wa miaka 32, naishi Kisauni na wanangu wawili, na nafanya kazi katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi iko Shimanzi, tuko watu saba pamoja na bosi. Kazi yangu ni kuingiza entri za forodha, yaani maelezo ya kila mzigo, kwenye kompyuta, kufuatilia ushuru ulipwe, na kuhakikisha kontena linatoka kabla halijaanza kutozwa gharama za kulala bandarini.

Anayeninyima raha ni mzee mmoja ambaye ofisi nzima twamwita Ami. Hata bosi humwita hivyo, maana Ami alianza kazi na marehemu baba yake. Yeye ndiye hupokea karatasi za wateja: hati ya shehena, invoisi, orodha ya vifurushi, vyeti vya ukaguzi. Mimi siwezi kuanza entri mpaka zinifikie kutoka kwake.

Na hanipi. Zikifika Jumatatu mimi huziona Jumatano jioni au Alhamisi, siku za bure za kontena kukaa bandarini zikiwa ukingoni. Nikimuuliza hujibu, "Tulia binti, sisi tulikuwa tukitoa meli nzima nawe hujazaliwa." Mteja akipiga simu kulalamika, yeye ndiye huishika, na nimemsikia kwa masikio yangu akisema kwamba mtoto wa kompyuta ndiye aliyechelewesha.

Mwezi uliopita makontena mawili ya vigae yalilala bandarini na mteja akalipa pesa nyingi. Ami akasema ni mimi. Bosi hakuniuliza kitu, akanipa barua ya onyo na kunitaka nijibu ndani ya siku saba. Bado sijajibu, kila nikishika kalamu nalia.

Si kwamba sikujaribu. Nimemsalimu kwa adabu kila asubuhi. Nimempelekea mahamri na mbaazi za chai ya saa nne. Nimebaki ofisini mpaka usiku nikimaliza entri ili mizigo isilale, wala sikumwambia mtu. Nikaona haina faida, nikanyamaza. Baadaye nikaanza kuweka vijembe kwenye status ya WhatsApp, bila kutaja jina, lakini ofisini wote walijua ni nani. Msichana wa mapokezi ndiye hunieleza Ami amesema nini juu yangu, na sasa Ami naye anajibu kwa mafumbo kwenye kundi la ofisi. Siku moja wakati wa chai alisema mbele ya watu kwamba mwanamke akiachwa hasira zake huzileta kazini. Watu wakacheka, nami nikacheka. Hilo nililipuuza.

Mamangu na mke wa Ami ni watu wa kualikana harusini, na mama ananiambia mtu mzima hajibiwi. Kakangu anasema niache kazi. Barua ya kuacha nimeshaiandika, ninayo mkobani. Nitapatana vipi na mzee huyu?

Niliyechoka, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uliyoyabeba.

Nianze na barua ya onyo kwa sababu ndiyo yenye muda. Huenda siku saba zitakuwa zimepita ukisoma hapa. Ijibu hata hivyo, leo hii. Onyo lisilojibiwa hukaa kwenye faili lako kana kwamba umekubali, na siku likija la pili, lile la kwanza ndilo litakalolitia nguvu. Usimwandikie bosi ukurasa wa machungu. Sema umeipokea barua yake. Sema karatasi za makontena yale ulikabidhiwa siku fulani, saa fulani. Sema entri uliifunga lini. Kisha sema uko tayari kukaa naye pamoja na wote wanaohusika mpange namna ya kukabidhiana kazi. Mfumo wa forodha huweka tarehe ya kila entri, kwa hivyo nusu ya ushahidi unao tayari. Ami atajwe pale tu unapoeleza karatasi zilitoka mkononi mwa nani. Tabia zake usiziguse. Toa nakala, na atakayeipokea barua atie sahihi na tarehe juu ya nakala yako.

Usiogope pia kama mtu asiye na pa kushika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla hajamfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbovu, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu na amsikilize, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama anayemchagua yeye mwenyewe. Kama itafika huko, chagua mapema nani atakaa nawe. Asiwe msichana wa mapokezi.

Sheria hiyo hiyo lakini inakukata upande wa pili, na hapa nakwambia kwa ukali kidogo kwa sababu nakutakia mema. Kifungu cha 44 kinahesabu matusi au mwenendo wa kumtusi mwajiri, au mtu aliyewekwa na mwajiri juu yako, kuwa miongoni mwa makosa ya kumfukuzisha mtu papo hapo. Kama Ami kwenye karatasi za ofisi ni mkubwa wako, vile vijembe vya status ni silaha uliyomkabidhi mwenyewe. Mtu akipiga picha ya simu yako tu, mazungumzo yote yatahama kutoka makontena yaliyolala hadi ulimi wako. Sisi wa Pwani twajua kupigana vijembe. Vina watu wake na mahali pake. Ofisini havina kazi. Futa vilivyopo, na kwenye kundi la ofisi andika mambo ya mizigo tu, hata akufumbe namna gani. Watu watano wengine wanasoma kundi lile, na bosi ni mmoja wao. Kimya chako kitaonekana.

Na huyo msichana anayekuletea maneno, mpende, kaa naye, lakini mkatie njia hiyo. Siku akianza "unajua Ami amesemaje," mwambie, "Kama ni la kazi ataniambia mwenyewe." Huna hakika anayokuletea ni maneno yaliyosemwa au yaliyotiwa chumvi njiani. Wala hujui anayoyapeleka kule kutoka kwako.

Sasa Ami mwenyewe. Sijamsikia, nimekusikia wewe, kwa hivyo nitapima maneno. Lakini watu wa kazi hiyo nawajua, na nataka umtazame mzee huyu kwa miaka yake yote, si kwa mwezi uliopita peke yake. Alianza kutoa mizigo zama za karatasi kubebwa mkononi, dirisha hadi dirisha, mihuri ikigongwa, na mtu kufaulu kwa kujua ofisa yupi yuko wapi na faili limekwama meza gani. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya kazi, na yeye alikuwa nayo. Mwaka 2005 forodha ikaleta mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba, na wengi wa rika lake wakajikuta wanamwomba kijana awafungulie skrini. Treni za mizigo za SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, zikaanza 2018, na mwaka uliofuata ikaja amri ya kupeleka mizigo ya Nairobi kwa reli ikatolewe Embakasi, kule kule Nairobi. Wewe ulikuwepo, uliona watu wa Mombasa walivyoandamana. Ofisi za kutoa mizigo zilipunguza watu, wengine wakafunga milango. Mpaka Septemba 2022, Rais William Ruto alipoapishwa, ndipo ilipotangazwa kwamba shughuli hizo zirudi Mombasa. Mtu aliyepita katika hayo yote bado ana kiti ofisini, na kitu kimoja tu kilichobaki mkononi mwake ni zile karatasi za wateja. Akizitoa mara moja, siku yake imekwisha saa tatu asubuhi.

Sikusemei hayo ili umsamehe kosa lake. Kumsingizia mtu kwa mteja ni dhuluma, umri hauifuti. Nakwambia ili ujue mahamri hayatamgeuza, wala kimya, wala adabu ya asubuhi, ingawa adabu usiiache. Umeniuliza utapatana naye vipi. Mimi nataka kwanza karatasi zikufikie kwa wakati. Mapenzi yakija baadaye, alhamdulillahi; yasipokuja, mtafanya kazi.

Na hapo nina swali kwako. Umesema zikifika Jumatatu wazipata Jumatano. Umejuaje kwamba zimefika Jumatatu? Umeona, au wakisia? Pengine mteja analeta invoisi leo na cheti cha ukaguzi keshokutwa, na Ami anaona aibu kumbana mteja wa miaka ishirini, anangoja zikamilike. Pengine ni ukaidi mtupu. Hamtajua, si wewe wala bosi, maana hakuna mahali palipoandikwa.

Nunueni kaunta buku. Safu nne zatosha: mteja na namba ya kontena, kilichopokelewa na kinachokosekana, siku na saa, sahihi ya aliyekabidhi na aliyekabidhiwa. Na daftari hilo alishike Ami. Ndiyo, yeye. Likiwa mezani kwako atasema unampeleleza. Likiwa mezani kwake ni kazi yake, kwa hati yake, na tarehe ataziandika kwa mkono wake mwenyewe. La pili, wateja wengi siku hizi hutuma nakala kwa barua pepe kabla ya karatasi zenyewe kufika. Zinatumwa wapi? Kama zinaingia kwenye simu ya Ami peke yake, basi taabu yenu yote iko hapo. Ofisi iwe na anwani moja ya pamoja, nawe uione. Ukiwa na nakala waweza kuandaa entri mapema na kumuuliza mteja kinachopungua, huku Ami akiendelea kupokea karatasi zenyewe, akiwanywesha wateja chai kama alivyozoea. Hakuna aliyepokonywa kitu.

Jambo ninalotaka uliache kabisa ni kubaki ofisini usiku kimyakimya ukifukia ucheleweshaji wa mwingine. Nimelisoma hilo nikaumia, maana una watoto wawili wanaokungoja ng'ambo ya daraja la Nyali, na hakuna anayejua. Bosi anaona mizigo mingi inatoka salama, anadhani mpango wa ofisi ni mzuri, kisha siku mbili zinaposhindikana anaona mzembe ni wewe. Kazi ikifika jioni, mwandikie bosi ujumbe mfupi: karatasi za kontena namba fulani nimezipokea saa kumi na nusu, siku za bure zinaisha kesho, nibaki niimalize leo au tuifunge kesho asubuhi? Anayebeba gharama ndiye aamue. Akikwambia ubaki, umebaki kwa amri na kwa malipo mtakayokubaliana.

Kabla ya daftari kwenda kwa bosi, zungumza na Ami. Nenda asubuhi kabla ya simu kuanza kulia, ukae, usisimame juu ya meza yake. Usianze na vigae. Muulize kwanza jambo la kazi ambalo yeye analijua kukushinda, na liwe jambo unalolihitaji kweli: namna ya kubishana na ofisa aliyepandisha thamani ya mzigo, au yale mambo ya ukaguzi uwanjani ambayo kompyuta haiyasemi. Hayo anayo, na siku akiondoka ataondoka nayo. Kisha mwambie moja kwa moja: "Ami, yale makontena yameniletea barua ya onyo. Sikuja kubishana kosa la nani. Naomba karatasi zikifika nizipate siku ile ile, hata zikiwa pungufu, upungufu tutaufuatilia pamoja. Na mteja akiniuliza mimi, naomba unipe simu nimjibu." Ukimaliza nyamaza. Usijaze kimya kwa kuomba radhi. Akifoka, sema "nimekusikia, Ami," urudi mezani kwako, na uandike kwenye shajara yako tarehe ya mazungumzo hayo.

Nirudi kwenye mstari mmoja ulioupitia mbio. Umesema alitaja kuachwa kwako mbele ya watu, wakacheka nawe ukacheka, ukalipuuza. Mwanangu, hukulipuuza, ungelikuwa umelipuuza usingeniandikia. Talaka yako haina uhusiano na kontena lolote. Wala si mazungumzo ya mzee, si ya bosi, si ya mtu yeyote wa chai ya saa nne. Heshima ya umri inakutaka usimwinulie sauti. Haikutaki ucheke unapodhalilishwa. Akirudia, usicheke. Mtazame, useme kwa sauti ya kawaida, "Ami, talaka yangu si mazungumzo ya hapa," uendelee na chai yako. Maneno hayo hayana tusi ndani yake na hakuna mwenye akili atakayekulaumu. Wale waliocheka watapata pa kusimama pia, kwa sababu wengi hucheka kwa kukosa la kufanya.

Na iwapo maneno hayo yatageuka kuwa ya mwili wako, au ya usiku wako unalala na nani, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kifungu cha 6 cha sheria niliyoitaja kinakataza udhalilishaji wa kingono kazini, hata ukitoka kwa mfanyakazi mwenzako. Mwajiri wa watu 20 au zaidi analazimika kuwa na waraka wa jambo hilo. Nyinyi ni saba, waraka hautakuwepo, lakini katazo linawahusu. Hapo hungoji mazungumzo ya asubuhi. Waandika na kupeleka siku hiyo hiyo.

Bosi wako ana mzigo wake. Amelelewa machoni pa mzee huyu, na kumwamrisha Ami kwake ni kama kumwamrisha babake kaburini. Ndiyo maana amekuandikia wewe onyo, kwa kuwa wewe ndiye rahisi. Si haki. Lakini ukimwendea ukamwambia "chagua mimi au yeye," atachagua, na si wewe. Mwendee na daftari na anwani ya pamoja, mambo mawili anayoweza kuyaamrisha kwa ofisi nzima pasipo kutaja jina la mtu. Mwombe ayatangaze yeye, yasitoke kwako. Baada ya mwezi mmoja wa tarehe zilizoandikwa, mwombe mkae tena mlitazame daftari, na kama linaonyesha uliyoyasema, mwombe aliondoe lile onyo kwenye faili lako kwa maandishi.

Barua ya kuacha kazi itoe mkobani, uiweke nyumbani. Sikukatazi kuondoka. Kuna ofisi ambazo hazifai kukaliwa, na ikiwa bosi atalikataa daftari na kuendelea kukutupia lawama, basi umeshamjua. Ila ondoka ukiwa na pa kwenda, maana watoto wala chakula kila siku. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 28, isipokuwa mkataba wako umesema vingine. Na dai cheti cha utumishi unapotoka, ni haki yako, hata kama mmeachana kwa ubaya. Ukifukuzwa bila kusikilizwa, mpelekee afisa wa kazi malalamiko yako kabla ya miezi mitatu kwisha. Ofisi zao ziko Mombasa hapa hapa, na mahakama ya ajira pia inakaa hapa.

Amebaki mamako. Anachokutakia ni amani ya nyumba mbili, na hakukosea kukukumbusha umri wa mtu. Mwambie hujamjibu Ami wala hutamjibu, unaandika tarehe tu. Kisha umwombe kitu kimoja: habari za ofisi yako asizichukue harusini. Mke wa Ami akizianzisha, mama aseme hayo yako kazini na yatamalizwa kazini, kisha amuulize habari za wajukuu.